Aliyetaka Ardhi na Aliyetaka Mikono: Walowezi na Wenyeji, kutoka Tanga hadi Waitangi

Kila mazungumzo ya baraza za kahawa hapa Ngamiani yanapofika kwenye historia ya mkonge, huzuka swali lisilojibika kwa urahisi: iweje Wazungu waliokuja Tanga walime, watawale na hatimaye waondoke, ilhali wenzao waliokwenda Australia, Marekani na Kanada walibaki, na leo wenyeji wa nchi hizo ndio wanaohesabiwa kuwa wachache katika ardhi ya babu zao? Jibu la haraka ni kwamba sisi tulipigania uhuru. Lina ukweli wake, lakini linawaonea wenyeji wa huko, ambao nao walipigana, wengine kwa vizazi vitatu au vinne mfululizo. Jibu jingine, kwamba Waingereza walikuwa wapole kuliko Wajerumani, haliwezi kusimama hata kidogo, kwa sababu Waingereza hao hao walitia saini mkataba na wenyeji wa New Zealand na wakakataa katakata kuwa Australia ilikuwa na mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Mlowezi ni mtu aliyelowea, yaani aliyehamia mahali pasipo kwao na akakaa moja kwa moja. Kwa maana hiyo, mji wa Tanga umejaa wajukuu wa walowezi: Wamanyema, Wahadhrami, Wahindi, Wanyamwezi, Wangazija. Walikuja, wakaoa, wakazika, wakawa wenyeji. Koloni la walowezi ni jambo jingine. Huko mgeni haji peke yake. Huja na dola, polisi na sheria yake ya ardhi, kisha humtaka mwenyeji aombe ruhusa kwake. Tofauti ya msingi imo katika swali la nani amemkuta nani na sheria zake. Urefu wa ukaaji na rangi ya ngozi ni mambo ya pembeni.

Kwetu sheria hiyo ilikuja mwaka 1895, pale Wajerumani walipotangaza kuwa ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya taji. Isiyo na mwenyewe kwa kipimo cha nani? Mshambaa wa milimani huacha shamba lipumzike miaka kadhaa kabla ya kulirudia, na Mzigua huhama na mvua. Kwa macho ya mpima ardhi aliyetoka Berlin, shamba lililopumzika ni pori. Waraka uliofuata uliagiza wenyeji waachiwe eneo mara nne ya lile walilokuwa wakililima wakati huo, jambo linaloonekana la ukarimu mpaka mtu akumbuke kwamba miaka hiyo ilikuwa ya nzige, njaa na sotoka, na watu walikuwa wamelima kidogo kuliko kawaida yao.

Hata hivyo, hawakufukuzwa wote, wala hakuna aliyekusudia kuwafukuza wote. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ambayo kati yake 62 tu ndiyo iliyofika hapa ikiwa hai. Mkonge haulimwi na mwenye shamba na mkewe na watoto wao wanne, kama ngano ya Kansas. Unataka mamia ya watu wa kukata, kufunga mizigo na kulisha korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, mwaka mzima, jua na mvua. Kwa hiyo mlowezi wa Tanga hakuwa na haja ya ardhi tupu, kwani ardhi isiyo na watu ingemfilisi. Alichokitaka ni ardhi na mikono pamoja, na mikono hiyo iwe rahisi. Kodi ya nyumba ilikwishaanza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ikaletwa kadi ya kazi: mwanamume mwenyeji alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye aliyegawa majembe.

Hoja yangu ni kwamba jinsi walowezi walivyowatendea wenyeji ilitegemea zaidi walichokitaka kwao kuliko tabia ya taifa walilotoka. Walipotaka ardhi tu, mwenyeji alikuwa kizuizi cha kuondolewa, kwa bunduki, kwa mkataba au kwa shule. Walipotaka ardhi na kazi, mwenyeji alibanwa lakini alibakizwa. Hoja hii haielezi kila kitu, na baadaye nitaonyesha inapopasuka.

Ni lazima pia tuseme habari ya maradhi, kwa sababu bila hayo hesabu haieleweki. Wakazi wa Amerika na Australia walikuwa wametengwa na bara la Asia, Ulaya na Afrika kwa maelfu ya miaka, na ndui ilipowafikia iliwakuta hawana kinga. Katika eneo la Sydney, ndui ililipuka mwaka 1789, miezi kumi na tano tu baada ya meli za Waingereza kutia nanga, ikamaliza sehemu kubwa ya watu wa pwani ile. Pwani yetu ilikuwa ikipokea majahazi ya Oman, Uajemi na Gujarat tangu zamani, na pamoja na bidhaa ilipokea ndui na kuizoea kwa uchungu. Kwa upande mwingine, malaria ilimwua Mzungu kuliko mwenyeji. Ndiyo maana mwaka 1913 Wazungu wote katika Afrika Mashariki ya Kijerumani walikuwa takriban 5,300 kati ya mamilioni ya Waafrika. Hakuna koloni la walowezi linaloweza kummeza mwenyeji kwa idadi kama hiyo. Nchini Algeria Wazungu walifika kama milioni moja, na bado walikuwa wachache. Vita ilipokwisha mwaka 1962 wengi wao walipanda meli ndani ya miezi michache. Mbu na ndui havikutunga sheria, lakini viliamua ni walowezi wangapi wangeisimamia.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako ndiko mambo yanakotatanisha zaidi.

Kila mtoto aliyesoma shule Tanzania amesikia habari za Karl Peters, aliyevuka kutoka Zanzibar hadi Saadani mwezi Novemba 1884 na kupita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mkataba wa Mangungo wa Msovero ndio unaokumbukwa kuliko yote. Kwa mujibu wa karatasi ile, chifu aliitoa nchi yake na haki zake zote kwa ajili ya kampuni ya Wajerumani, daima dumu. Aliyoyaelewa yeye aliposhika kalamu ni jambo jingine. Miezi mitatu baadaye, Februari 1885, Kaisari alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Shuleni tulifundishwa kuiita mikataba ya ulaghai, na jina linafaa.

Lakini twende Waitangi, New Zealand, upande wa pili wa dunia, tarehe 6 Februari 1840. Machifu wa Wamaori, ambao hatimaye walizidi 500, walitia alama kwenye mkataba na Malkia wa Uingereza. Wengi mno wao walitia alama kwenye nakala ya Kimaori, iliyotafsiriwa kwa haraka na mmisionari Henry Williams pamoja na mwanawe. Nakala ya Kiingereza ilisema machifu wanamkabidhi Malkia mamlaka yote juu ya nchi. Ya Kimaori ilisema wanampa kawanatanga, na wao wanabaki na rangatiratanga, yaani uchifu wao kamili juu ya ardhi, vijiji na vitu vyao vya thamani. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa neno kawanatanga upesi kuliko wengi, kwa sababu kawana ni gavana lililopita kinywani mwa Mmaori, kama lilivyopita vinywani mwetu. Machifu walidhani wamempa mgeni kazi ya kuwasimamia wageni wenzake. Mgeni alidhani amepewa nchi.

Kilichofuata hakikuwa cha heshima. Katika miaka ya 1860 palikuwa na vita, na sheria ya mwaka 1863 iliruhusu serikali kuwanyang'anya ardhi walioitwa waasi. Zaidi ya ekari milioni tatu zilichukuliwa, zikiwemo za makabila ambayo hayakupigana kabisa. Mahakama ya ardhi iliyoundwa mwaka 1865 ilifanya kwa kalamu yale ambayo bunduki haikumaliza, kwa kuigawanya ardhi ya ukoo kuwa hisa za mtu mmoja mmoja ambazo ni rahisi kununuliwa. Mwaka 1877 jaji mkuu alitamka kuwa mkataba ule ni batili tupu. Hapo ungeweza kusema Waitangi na Msovero ni mamoja.

Si mamoja. Mwaka 1975 bunge la New Zealand liliunda baraza la kusikiliza malalamiko ya kuvunjwa kwa mkataba, na mwaka 1985 likaliruhusu kurudi nyuma hadi 1840. Mwaka 1995 watu wa Waikato-Tainui walipata fidia yenye thamani ya dola milioni 170 za nchi hiyo, pamoja na sehemu ya ardhi na maneno ya kuomba radhi yaliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Thamani ya walichopoteza ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi, na wao walijua. Lakini walikuwa na karatasi iliyokiri kuwa mwaka 1840 palikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na karatasi hiyo, hata ilipodharauliwa kwa miaka mia na zaidi, haikuchanika.

Waaborijini wa Australia hawakupewa hata karatasi ya ulaghai. Uingereza ililichukulia bara zima kama nchi isiyo na mwenyewe, ingawa watu walikuwa wameishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Ilimchukua Eddie Koiki Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kaskazini mwa Queensland, kesi ya miaka kumi kuivunja dhana hiyo. Walionyesha mahakamani kwamba kila bustani kisiwani ina mipaka, ina mwenyewe na ina utaratibu wa kurithiwa, jambo ambalo mzee yeyote wa Kidigo mwenye minazi angelieleza bila wakili. Mahakama Kuu iliamua kwa ajili yao tarehe 3 Juni 1992. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka huo.

Marekani ilikuwa na karatasi nyingi kuliko nchi zote hizi: mikataba iliyoridhiwa kati yake na mataifa ya wenyeji inakaribia 370. Hapa ndipo wazo la kwamba wenyeji waliteswa kwa kuwa hawakustaarabika linapoonekana lilivyo la bure. Wacherokee walikuwa na hati yao ya kuandikia, iliyobuniwa na Sequoyah. Waliandika katiba mwaka 1827 na kuchapisha gazeti lao mwaka 1828. Walikwenda Mahakama Kuu kuhusu sheria za jimbo la Georgia na mwaka 1832 uamuzi ukawaunga mkono. Lakini dhahabu ilikuwa imeonekana katika ardhi yao, na wakulima wa pamba walikuwa mlangoni na watumwa wao wenyewe wa kulima. Mikono ya Mcherokee haikuhitajika. Mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani, watu kama 16,000, wakaswagwa kuelekea magharibi, na inakadiriwa 4,000 walikufa kambini na njiani. Baadaye sheria ya mwaka 1887 iliigawa ardhi ya pamoja kuwa viwanja vya watu binafsi, ujanja ule ule wa New Zealand, na kufikia mwaka 1934 ekari milioni 138 zilikuwa zimebaki kama milioni 48.

Kisa kimoja cha Kenya, kwa kuwa ni jirani, nakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi karatasi inavyoweza kugeuzwa ncha. Wamasai walitia saini makubaliano na Waingereza mwaka 1904 na mengine mwaka 1911, wakahamishwa kutoka Laikipia ili walowezi wapate malisho. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, waliambiwa kesi haisikilizwi: makubaliano ni mkataba kati ya dola na dola, na mahakama ya ndani haina uwezo juu yake. Hapo ndipo walipokumbukwa kuwa dola.

Baada ya ardhi huja watoto. Jambo hili hulinganishwa mara chache na sisi, na kwa maoni yangu ndilo linaloeleza mengi kuliko yote. Kanada iliwapitisha watoto zaidi ya 150,000 wa wenyeji katika shule za bweni zilizoendeshwa zaidi na makanisa, wakakatazwa lugha zao. Maelfu hawakurudi nyumbani, na shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Australia iliwachukua watoto, hasa waliochanganya damu, ikawalea katika taasisi na familia za Kizungu mpaka ndani ya miaka ya 1960. Shabaha ilikuwa kwamba baada ya vizazi viwili pasiwepo mtu wa kudai kitu. Nchi iliyokwisha kupata ardhi ilikuwa imebakiwa na deni moja tu, nalo ni mdai.

Linganisha na Tanga. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Maakida na makarani waliandikiana kwa Kiswahili, na gazeti la Kiongozi likachapishwa hapa hapa Tanga kuanzia mwaka 1904. Je, walitupenda zaidi? Hasha. Walikuwa wachache, na walihitaji karani wa kuandika orodha ya kodi, mnyapara wa kuhesabu mizigo na mkalimani wa kuwaelewa Washambaa, Wabondei na Wanyamwezi wa mashambani kwa pamoja. Mtawala wa Ottawa alitaka lugha ya Mkrii, mwenyeji wa Kanada, ife ili Mkrii atoweke katika hesabu. Mtawala wa Tanga alitaka Kiswahili kienee ili hesabu ifanyike. Kwamba baadaye lugha hiyo hiyo ilitumika kuandikia kadi za TANU ni jambo ambalo hakulikusudia.

Sasa niseme pale hoja inapopasuka. Wajerumani waliotawala Tanga ndio waliotawala Namibia, na walowezi wa Namibia walihitaji wachungaji na vibarua sana. Hata hivyo, tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kuwa Mherero atakayeonekana ndani ya mpaka, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi. Waherero walisukumwa kwenye jangwa la Omaheke, na waliobaki, pamoja na Wanama, walifungwa kambini. Waherero wengi kuliko nusu waliangamia, na karibu nusu ya Wanama. Baadhi ya walowezi walilalamika kwamba jenerali anawamalizia vibarua, na hawakusikilizwa kwa wakati. Kwetu, vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ilizimwa kwa kuchoma ghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Jeshi likishaachiwa kazi, haliulizi shamba litapaliliwa na nani.

Fidia pia haifuati mstari ulionyooka. Ujerumani ilitangaza mwaka 2021 kuwa itatoa yuro bilioni 1.1 kwa Namibia katika miaka 30, lakini iliepuka kuziita fidia, na wawakilishi wengi wa Waherero na Wanama walizikataa kwa kuwa hawakuketi mezani. Wasioux, wenyeji wa Marekani, nao walishinda mahakamani mwaka 1980 na kuamuliwa walipwe zaidi ya dola milioni 100 kwa Milima Myeusi; hawajazichukua mpaka leo, wakisema milima haikuwa inauzwa. Australia iliomba radhi bungeni mwaka 2008, na mwaka 2023 wapiga kura asilimia 60 wakakataa kuwapa Waaborijini chombo cha ushauri katika katiba. Hapo hesabu ya watu inarudi: Wamaori ni karibu asilimia 18 ya New Zealand na wana viti vyao bungeni tangu 1867, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres hawafiki asilimia nne ya Australia. Haki inayotegemea kura ya wengi ni nzito kwa aliyefanywa mchache.

Na sisi, ambao hatukufanywa wachache, tulifidiwa nini? Waingereza waliopokea nchi baada ya vita ya kwanza walitunga sheria mwaka 1923 iliyosema ardhi yote ni ya umma, chini ya gavana, kwa faida ya wenyeji. Mashamba ya Wajerumani hayakurudi kwa Wabondei wala Washambaa. Yaliuzwa kama mali ya adui, na mengi yalinunuliwa na Wagiriki na Wahindi. Sheria hiyo hiyo haikuwazuia kuwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, hata Kirilo Japhet akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa kulalamika. Uhuru ulipopatikana gavana akaondoka, umiliki ukabaki na muundo wake, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema bado kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini wa raia. Tofauti ya mdhamini ni kubwa na siidharau. Lakini mwanakijiji wa Muheza anayetaka shamba la mkonge lililotelekezwa ligawiwe kijiji chake bado husubiri hati ifutwe kwanza, na hati ile mipaka yake ilipimwa kwa mara ya kwanza kwa mnyororo wa Kijerumani.

Anayesubiri naye si rahisi kumtaja kwa jina moja. Katika vijiji vinavyozunguka mashamba ya Korogwe na Muheza wanaishi wajukuu wa manamba walioletwa kutoka Ubena, Umakonde, Kigoma, Rwanda na Burundi kwa kandarasi za miaka miwili, wakakaa. Babu zao hawakuja na dola wala sheria. Walikuja na namba shingoni. Mbondei anapodai kwamba shamba lile lilikuwa la ukoo wake kabla ya 1895, anayemkuta pale akipalilia mahindi katikati ya mikonge iliyozeeka ni mtu aliyezaliwa hapo, ambaye naye hana pengine pa kurudi, na kamati ya ardhi ya kijiji ndiyo inayopaswa kuwasikiliza wote wawili siku hiyo hiyo.